Imla kwa Kompyuta: Namna ya Kutunga Jaribio la Tahajia

Tahajia ya Kiswahili husifiwa kuwa nyepesi, kwani kila sauti ina namna yake moja ya kuandikwa. Sifa hiyo ni ya haki, na inatokana na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika ya Mashariki. Hata hivyo kila mwalimu aliyepata kusahihisha imla anajua kwamba makosa hayaishi. Katika makala haya tutaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kutunga jaribio dogo la tahajia, ambalo mwanafunzi atalifanya kwa simu au kompyuta na kupata majibu papo hapo.

1. Kuchagua maneno

Maneno yasiokotwe ovyo. Yafuate chanzo cha kosa. Kwa mfano, katika kata ya Olasiti, jijini Arusha, wako watoto waliolelewa kwa Kimaasai. Lugha hiyo haina sauti za dh, th wala gh, kwa hiyo si ajabu mtoto kuandika "zahabu" badala ya dhahabu, au "luga" badala ya lugha. Sauti ya ng' anayo tangu utotoni. Kinachompa taabu ni kuikumbuka alama ya ritifaa. Jaribio jema hushughulikia tatizo moja kwa wakati mmoja, na maneno kumi yanatosha.

2. Kuuliza swali

Neno likiandikwa mbele ya mwanafunzi, si jaribio tena. Mwalimu arekodi sauti yake akisoma sentensi nzima, kisha mwanafunzi aandike neno linalotakiwa. Sentensi ni ya lazima: kalamu na karamu ni maneno halali yote mawili, na maana ya sentensi ndiyo inayoamua lipi linatakiwa.

3. Kusafisha jibu

Hapa mwandishi wa makala haya alijifunza kwa aibu. Katika jaribio lake la kwanza, mwanafunzi mmoja aliandika ng'ombe bila kosa lolote, lakini programu ikamjibu: "Umekosea." Mtoto akarudia mara tatu, kisha akaiondoa ritifaa, akidhani kwamba ndiyo iliyomponza. Kosa halikuwa lake, bali la mtungaji. Kompyuta haioni herufi kama tuonavyo sisi, huona namba. Katika mfumo wa Unicode, ritifaa iliyonyooka ni namba 39, na ile iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, ni namba 8217. Kwa jicho la binadamu ni alama moja. Kwa mashine ni mbili tofauti.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulinganisha, programu haina budi kufanya mambo matatu: kuondoa nafasi zilizo mwanzoni na mwishoni mwa jibu, kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, na kugeuza kila ritifaa kuwa ya aina moja. Aidha, usahihishaji wa maneno unaofanywa na simu yenyewe uzimwe.

4. Kupima kosa

Mwaka 1965 mtaalamu wa Kirusi, Vladimir Levenshtein, alieleza kipimo cha tofauti baina ya maneno mawili: idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kuondoa au kubadili ili neno moja liwe jingine. Kutoka "luga" hadi lugha ni hatua 1, yaani kuongeza h. Kutoka "zahabu" hadi dhahabu ni hatua 2: z ibadilishwe kuwa d, kisha h iongezwe. Kwa kipimo hiki programu inaweza kusema, "Umekaribia; tazama herufi ya kwanza," badala ya kukataa tu. Lakini tukumbuke kwamba kalamu na karamu zinatofautiana kwa hatua 1 tu, na mwenye kuhitaji kalamu hafai kupewa karamu. Kipimo huhesabu herufi, hakijui maana. Maana ni kazi ya mwalimu.

5. Kulitumia darasani

Jaribio zima laweza kuwa faili moja la HTML pamoja na sauti zilizorekodiwa. Faili hilo hupandishwa mtandaoni, au huchukuliwa kwa flashi hadi shule isiyo na intaneti. Majibu sahihi yamo ndani ya faili lenyewe, na mwanafunzi mjanja atayaona. Kwa hiyo litumike kwa mazoezi, si kwa mtihani. Wala hakuna haja ya kukusanya majina ya watoto. Na kabla ya kuwapa wanafunzi, mwalimu alijaribu mwenyewe kwa simu za aina mbalimbali. Mtoto anayeambiwa amekosea hali amepatia hupoteza zaidi ya alama moja: hupoteza imani na alichokijua.

Zoezi

(a) Hesabu hatua kutoka "abari" hadi habari, na kutoka "feza" hadi fedha.
(b) Thamani na zamani zinatofautiana kwa hatua ngapi? Tunga sentensi mbili ambazo hazitamwacha msikilizaji na shaka.

Majibu: (a) 1 na 2. (b) Hatua 2. Sentensi ni zako.