Kabla ya Kuziba Tundu la Nyuki Mweusi

Ukikuta unga wa mbao umerundikana barazani, tazama juu kabla ya kuwalaumu mchwa. Mchwa hupita kwa njia za udongo, na bungua huacha vitundu vidogo mno na vumbi laini. Tundu linaloingia ncha ya kidole, duara safi kama lililopigwa keekee, ni la yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma chini ya mapaa ya Pemba.

Spishi moja ya Afrika Mashariki, Xylocopa caffra, huwachanganya wengi: jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya manjano au myeupe, dume ana manyoya ya manjano mwili mzima. Dume ndiye anayekusimamia hewani mbele ya uso. Usimwogope, hana mwiba. Jike anao, ila haumi mpaka ashikwe.

Mbao haili. Huitafuna akaitema, huingia kidogo kisha hukata kona kufuata mkondo wa mbao. Ndani huweka donge la chavua na utamu wa maua, hutaga yai moja juu yake, huziba kwa kiwambo cha unga wa mbao, kisha huanza chumba kingine.

Mwenye pasheni asimuue kamwe. Pasheni ya manjano haizai kwa chavua ya mche wake wenyewe, na nyuki wa asali ni mdogo, hunywa akapita chini bila kugusa panapohusika. Huyu mkubwa huipangusa chavua kwa mgongo. Akikosekana, itakubidi upite na brashi kila alasiri, maana ua hufunguka mchana na usiku huohuo hufunga.

Linda nyumba kwa rangi au vanishi, upake hata upande wa juu wa papi usioonekana. Mbao tupu iliyokauka ndiyo anayoitafuta. Tundu la zamani hurudiwa, basi lizibe, lakini likiwa tupu. Chomeka karatasi bila kuikaza. Ikisukumwa nje, mwenyewe yumo. Rudia kwa wiki kadhaa, kwani watoto wangali wachanga hawasukumi kitu. Kisha piga kijiti na gundi, upake rangi.

Karibu na pasheni mwachie tawi nene la mwembe lililokufa. Lifunge juu ya uzio, lisiguse ardhi, mchwa wasimtangulie.