Umeme wa mgodini: jenereta kubwa inavyokula faida

Bei ya dhahabu inapopanda, wawekezaji wadogo hukimbilia karasha na pampu. Suala la umeme huachiwa fundi, na fundi kwa kuogopa lawama hushauri jenereta kubwa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Fundi ana sababu yake. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishazunguka. Mwenye mota ya kilowati 75 basi huuziwa jenereta ya kilowati 200, isije ikazimika wakati wa kuwasha. Zikipita sekunde chache, mtambo huo unabaki ukifanya kazi kwa theluthi tu ya uwezo wake, huku ukila dizeli nyingi kwa kila uniti na injini ikijaa masizi.

Chukua mgodi unaotumia wastani wa kilowati 70 kwa saa 20, yaani uniti 1,400 kwa siku. Jenereta ya kilowati 100 itakula kiasi cha lita 0.28 kwa uniti. Ile ya 200 kiasi cha lita 0.33. Tofauti ni lita 70 kwa siku, au lita 2,100 kwa mwezi. Msomaji azidishe mwenyewe kwa bei ya pampu ya kwao.

Dawa ni stata ya sta-delta, ambayo hushusha mkondo wa kuwashia hadi theluthi moja. Nguvu ya kuzungusha nayo hushuka vivyo hivyo, kwa hiyo karasha liwashwe likiwa tupu, kisha mawe yafuate.

Wakubwa nao hupiga hesabu hiyo hiyo ya gharama ya mwanzo dhidi ya mafuta ya kila siku. Kibali, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013 ukiwa mbali na gridi. Wamiliki walijenga vituo vitatu vya maji, Nzoro II, Ambarau na Azambi, na majenereta ya dizeli yakabaki ya kusaidia, hasa maji yanapopungua.

Anayealikwa kununua hisa katika mgodi mdogo aombe daftari la dizeli na usomaji wa mita ya jenereta, agawe lita kwa uniti. Akiambiwa mita haipo, ashushe bei anayotaka kulipa.