Dola na Idadi ya Watoto: Manufaa na Madhara

Katika darasa zetu huulizwa mara nyingi: je, yafaa serikali iwawekee watu mpaka wa idadi ya watoto? Wako wasemao kuwa hiyo ndiyo dawa ya ufukara, na wako wasiotaka hata kulisikia neno hilo. Sisi twaona kuwa jambo kama hili halihukumiwi kwa kelele, bali hutazamwa pale lilipofanywa, yakapimwa manufaa yake na madhara yake. Nalo lilifanywa Uchina kwa muda wa miaka 35.

Mwaka 1949 Uchina ilikuwa na watu karibu milioni 540. Ilipofika 1980 walikuwa wakikaribia milioni 1,000. Wakuu wake walikuwa hawajaisahau njaa ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya watu. Wakaogopa kuwa chakula na kazi havitatosha. Basi Septemba 1980 chama kinachotawala kikatoa waraka wa kuwataka wanachama wake wazae mtoto mmoja tu, na amri ikaenea nchini. Baadaye watu wengi wa mashamba waliruhusiwa mtoto wa pili ikiwa wa kwanza ni binti.

Insafu yatutaka tuyataje manufaa. Kwanza, wazazi wenye mtoto mmoja waliweza kumlisha na kumsomesha vyema zaidi. Pili, mabinti wengi wa mijini wasiokuwa na ndugu wa kiume walipata elimu na mali ambayo zamani ingekwenda kwa kaka zao. Tatu, kwa miaka mingi wenye nguvu za kufanya kazi walikuwa wengi kuliko wa kulishwa, na hilo likausaidia uchumi.

Lakini mwenye akili na aulize: je, ni amri iliyopunguza uzazi? Mwaka 1970 mwanamke wa Kichina alizaa kwa wastani watoto karibu 6. Ulipofika 1979, kabla ya waraka ule, walikuwa wamekwisha pungua chini ya 3. Sababu zilikuwa kuchelewa kuoana, kuacha nafasi baina ya watoto, mafunzo na dawa. Kampeni hiyo nayo haikukosa shinikizo, lakini amri ya mtoto mmoja ilikuwa haijaja. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha fanyika.

Ama madhara, la kwanza ni kulazimishwa. Waliozidisha walitozwa faini, wengine wakafukuzwa kazi, na wako wanawake waliotolewa mimba kwa nguvu. Mwaka 1983 peke yake watu karibu milioni 20, wake kwa waume, walifungwa kizazi. La pili ni dhuluma kwa mabinti. Aliyeruhusiwa mmoja alitaka awe wa kiume, na mimba za kike zikatolewa. Mwaka 2010 walizaliwa wavulana karibu 118 kwa kila wasichana 100, ilhali kawaida ni kama 105. Nasi twajua jinsi Qur'ani Tukufu ilivyokemea kuzikwa mabinti na kuua watoto kwa khofu ya ufukara. La tatu, mtoto mmoja akabaki na mzigo wa wazazi wawili wazee, na waliofiwa na mtoto huyo wakabaki bila ya wa kuwatazama.

La nne latuhusu khasa. Sheria ya kuhesabu watoto huweza kugeuzwa silaha juu ya watu fulani. Katika jimbo la Xinjiang, waliko Waislamu wa Uyghur, mpaka huo ulitiliwa mkazo mkali tangu 2017. Vizazi vikashuka kutoka karibu 16 kwa kila watu 1,000 mwaka huo hadi karibu 8 mwaka 2019.

Kisha serikali ikarudi nyuma. Ikaruhusu watoto wawili tangu Januari 2016, na watatu mwaka 2021. Mwaka 2022 idadi ya watu ikapungua, mara ya kwanza tangu 1961. Mwaka 2025 ikaanza kuwalipa wazazi yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto asiyetimiza miaka 3. Jana mzazi alitozwa faini, leo abembelezwa kwa fedha, wala hazai. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapa Kenya mpango wa uzazi wa serikali ulianza 1967, bila ya sheria ya kuhesabu watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa kwa wastani watoto karibu 8. Mwaka 2022 walikuwa 3.4. Wala dini haikuifunga njia hiyo: Masahaba walifanya azli katika zama za Mtume (S.A.W.), na Imamu Ghazali akaijuzisha. Lakini hilo ni shauri la mume na mke.

Basi wajibu wa serikali ni kujenga hospitali na kuwasomesha mabinti. Kuingia chumbani mwa watu si kazi yake. Nasi wazazi, tusijivunie wingi tusioweza kuulea, kwani haki ya mtoto haikomi kwa kuzaliwa.

Wallahu aalam.