SOMO LA KAZI: KUPAKA RANGI MASHUA YA ALIMINIYUMU

Wanafunzi wenzetu, hapa Nizi hatuna ziwa, lakini samaki tunazokula zinatoka Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Huko mashua nyingi ni za mbao. Ile ya aliminiyumu inaomba matunzo yake.

Aliminiyumu haipate kutu kama chuma. Hewa inaivalisha ngozi nyembamba yenye kuilinda. Lakini rangi haishike vizuri juu ya ngozi ile ikiwa ya zamani. Basi tunapashwa kufanya hivi:

1. Tuoshe na sabuni, mafuta itoke.

2. Tukwangue rangi ya zamani na msasa na maji. Vumbi lake linaweza kuwa na risasi, ni sumu. Hapana brosi ya chuma. Hapana soda ya kutengeneza sabuni: inakula aliminiyumu.

3. Ikikauka, siku ile ile tupake rangi ya kwanza ya aliminiyumu, kisha ya juu mara mbili.

4. Hapana rangi yenye shaba. Ndani ya maji, shaba na aliminiyumu zinakuwa kama mawe ya redio: aliminiyumu ndiyo inaliwa.

Tundu dogo katikati ya ziwa si mchezo, ni maisha ya watu.

Ulizo: Kwa nini sufuria ya mama haipate kutu?