Matunzo ya mtoto wa baba asiye na mshahara

Swali: Baba wa mtoto wangu anaendesha bodaboda, hana hati ya mshahara. Mahakama itapangaje matunzo?

Jibu: Dada, zamani Tanzania mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikadiriwa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi, hata bei zilipopanda. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilifuta aibu hiyo. Sasa hakimu hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha anapoishi mtoto. Kwa hiyo kukosa hati ya mshahara si kinga: pikipiki, ikiwa ni yake, ni mali, miamala ya simu ni ushahidi, nawe tunza risiti za ada na dawa. Wapo wanaosema kiwango kimoja kwa wote kingeondoa ubishi. Kingeuondoa kweli, lakini ile shilingi 100 nayo ilikuwa kikomo kimoja kwa wote, na walioumia ni watoto. Ugumu ninaoukubali ni kukazia amri: mshahara hukatwa kwa mwajiri, pato la barabarani halina mwajiri. Hapo omba mahakama ikamate mali, na usingoje deni lirundikane.