Kambi ya mahema: Safari haiishi siku ya kurudi

Wakazi wa Thika na Ruiru hawazioni tena mbuga za wanyama kuwa mahali pa wageni kutoka ng'ambo pekee. Vyama vya akina mama, makanisa, wafanyakazi wa viwandani na familia changa huweka akiba kwa miezi kadhaa, kisha hufunga safari kwenda kulala siku 2 au 3 katika kambi ya mahema huko Maasai Mara, Samburu, Meru au Tsavo. Ni jambo la kupongezwa. Mapumziko hujenga afya ya mwili na ya akili, na mtoto aliyemwona ndovu kwa macho yake hamsahau.

Hata hivyo, matayarisho ya wengi huishia kwenye nauli, ada ya kuingia mbugani na mboga za njiani. Afya hukumbukwa wakati gari liko karibu kung'oa nanga, pale mtu anapoingia duka la dawa mbiombio na kuomba "kitu cha mbu".

Somo letu leo ni hili: kwa upande wa afya, safari ya siku 3 ni shughuli ya wiki 8 hivi. Huanza wiki 4 kabla ya kuondoka na huisha wiki 4 baada ya kurudi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayoweza kuua.

Kwa nini mtu wa Thika na Ruiru?

Miji yetu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbu aina ya anofelesi, ambaye hueneza malaria, anahitaji joto ili vijidudu vya ugonjwa huo vikomae ndani ya mwili wake. Penye baridi hukomaa polepole, na mara nyingi mbu hufa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuishi Ruiru miaka 10 bila kuugua malaria hata mara moja.

Hiyo ni baraka, lakini ina gharama yake. Mtu mzima anayeishi Busia au Siaya ameumwa na mbu wenye malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana nayo kwa kiasi fulani. Mwili wako wewe haujapata mafunzo hayo. Malaria inayompa mwenzako maumivu ya kichwa ya siku 2 inaweza kukupeleka wewe katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Na kama ulizaliwa Siaya ukahamia Thika kutafuta kazi, usijivunie kinga ya utotoni. Hupungua unapokaa muda mrefu mbali na ugonjwa. Wanao waliozaliwa hapa hawanayo kabisa.

Baadhi ya mbuga ziko chini sana kuliko kwetu. Voi, kwenye lango la Tsavo Mashariki, iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mbuga ya Meru iko chini ya mita 1,000. Maasai Mara yenyewe iko juu ya mita 1,500, na usiku huko baridi hukata mifupa, lakini malaria ipo. Kwa hivyo usipime hatari kwa uzito wa blanketi.

Wiki 4 kabla: Mwone daktari

Fika kliniki mapema, si siku ya mwisho. Mweleze unakokwenda, utalala siku ngapi, na nani wanaandamana nawe. Kuna aina 3 za dawa za kuzuia malaria zinazotumika sana, na hazifanani.

Ya kwanza ni doksisaiklini. Humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya safari, na huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Imeze pamoja na chakula na maji mengi, na usilale papo hapo kwa sababu inaweza kuchoma umio. Pia huifanya ngozi iungue upesi juani. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 8 hawapewi.

Ya pili ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili. Nayo ni ya kila siku, na huanza siku 1 au 2 kabla, lakini baada ya kurudi huendelea kwa siku 7 tu. Kwa kawaida ni ghali kuliko doksisaiklini, na wajawazito hawashauriwi kuitumia.

Ya tatu ni meflokwini, inayomezwa mara 1 kwa wiki. Ni vyema ianze wiki 2 au zaidi kabla ya safari, na iendelee wiki 4 baadaye. Haimfai mtu aliyewahi kuugua kifafa au ugonjwa wa akili, ukiwemo msongo mkubwa wa moyo.

Huenda ukauliza: kwa nini nimeze dawa wiki 4 nzima ilhali nimekwisha rudi nyumbani? Jibu liko kwenye ini. Mbu akikuuma, vijidudu vya malaria haviendi kushambulia damu moja kwa moja. Hujificha kwanza ndani ya ini kwa wiki moja au zaidi, navyo vinazaana kimyakimya, wala huhisi lolote. Doksisaiklini na meflokwini hukamata vijidudu vikiwa katika damu, kwa hivyo lazima dawa ikae mlangoni ikivingoja vitoke. Atovakwoni na proguanili huvishambulia hata ndani ya ini, na ndiyo sababu siku 7 hutosha. Anayetupa vidonge siku ya kurudi amemfukuza askari kabla mwizi hajatoka uvunguni.

Usitegemee klorokwini waliyotumia wazazi wetu. Vijidudu viliizoea, na Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya kutibu malaria mwaka wa 1998.

Mama mjamzito ni afadhali aahirishe safari hiyo. Malaria humletea upungufu mkubwa wa damu na inaweza kuharibu mimba. Watoto wachanga, wagonjwa wa selimundu na waliotolewa wengu pia wanahitaji ushauri wa daktari kabla ya mtu yeyote kulipia kambi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mwenye kambi ataeleza juu ya simba na chakula. Wewe muulize pia haya:

1. Je, kila kitanda kina neti iliyotiwa dawa? Je, hema lina wavu wa zipu usiotoboka?

2. Maji ya kunywa yanatoka wapi, na husafishwa vipi?

3. Ni nani kambini aliyefunzwa huduma ya kwanza?

4. Hospitali iliyo karibu ni ipi, na gari huchukua saa ngapi kufika? Usiulize kilomita. Katika barabara za mbuga, kilomita 40 zinaweza kumaliza saa 2, na mvua ikinyesha, zaidi.

5. Je, simu hushika? Je, kuna jokofu la kuhifadhia dawa?

Swali la mwisho si dogo. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini lazima aikinge na joto kali, na pia asiiache igande. Mgonjwa wa shinikizo la damu, pumu au kifafa abebe dawa za siku zaidi ya zile za safari, azigawe katika mikoba 2, maana mmoja waweza kupotea. Mbugani hakuna duka la dawa la kona.

Kuhusu dharura, shirika la AMREF Flying Doctors, lililoanza kazi mwaka wa 1957, husafirisha wagonjwa kwa ndege kutoka maeneo kama hayo. Uliza iwapo kambi imewalipia wageni wake huduma hiyo, au ujilipie mwenyewe. Uliza pia kama bima yako inagharamia kusafirishwa kwa ndege, badala ya kukisia.

Ukiwa kambini

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Huo ndio wakati wa kuota moto na kupiga gumzo. Kabla jua halijatua, vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu na soksi, kisha ujipake dawa ya kufukuza mbu kwenye ngozi iliyo wazi. Funga zipu ya hema kila unapoingia na kutoka. Chomeka neti chini ya godoro. Vidonge havichukui nafasi ya neti, wala neti haichukui nafasi ya vidonge.

Mchana kuna mbung'o, anayeweza kueneza malale. Ugonjwa huu umekuwa nadra sana nchini. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa miongoni mwa wakazi alionekana mwaka wa 2009, na mwaka wa 2012 watalii 2 kutoka Ulaya waliugua baada ya kuzuru Maasai Mara. Hakuna haja ya kuogopa, ila usivae nguo za buluu au nyeusi, kwa kuwa rangi hizo humvutia mbung'o. Kaki na kijivu zinafaa zaidi.

Kung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kuvivaa, kwa sababu nge hupenda kujificha humo. Usiku tembea na tochi, na usiende msalani wala kwenye hema la jirani bila kusindikizwa na askari wa kambi. Usiweke chakula ndani ya hema. Nyani na fisi wana pua kali.

Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, mvue pete na saa, na uzuie kiungo kilichoumwa kisisogee, kama unavyofunga mfupa uliovunjika. Usikate jeraha, usinyonye damu, usifunge kamba ya kukaza, wala usipoteze muda na jiwe la nyoka. Mkimbize hospitali. Dawa ya sumu hutolewa huko.

Msisahau kwamba gari linaweza kuwa hatari kuliko simba. Fungeni mikanda, msisafiri usiku, na dereva apumzike.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusoma polepole. Malaria kali, ile ambayo ndiyo nyingi humu nchini, huonekana kwa kawaida kati ya siku 7 na siku 30 baada ya kuumwa na mbu. Maana yake ni kwamba mtu aliyelala siku 3 tu mbugani hataugulia mbugani. Ataugulia kazini Thika, au akiwa kwenye matatu ya kwenda Nairobi, wakati picha za safari zimekwisha sahaulika.

Mambo huenda hivi. Siku ya 11 mtu anaumwa kichwa na viungo, na mwili unatetemeka. Anasema ni mafua, ananunua parasetamoli. Siku ya 13 anaenda kliniki ya mtaani. Kwa kuwa malaria si ugonjwa wa kila siku hapa kwetu, na yeye mwenyewe hataji safari, anaambiwa ana homa ya matumbo na kupewa dawa za siku kadhaa. Joto linashuka kidogo, matumaini yanapanda. Siku ya 16 anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Kwa mtu asiye na kinga, siku 5 za kuchelewa ni nyingi mno.

Kwa hivyo, homa yoyote ndani ya mwezi 1 baada ya kurudi ihesabiwe kuwa malaria mpaka damu iseme vinginevyo. Nenda upimwe siku hiyo hiyo, iwe ni Thika Level 5, hospitali ya Ruiru au kliniki yoyote yenye maabara. Kabla hujaulizwa, sema: "Nilikuwa mbugani, nikalala hemani, tarehe fulani." Sema hivyo hata kama ulimeza dawa zote, na hata kama imepita miezi 2 au 3, kwani malaria huweza kuchelewa.

Kipimo cha kwanza kikikosa kuona kitu na homa ingalipo, rudi upimwe tena baada ya saa 12 hadi 24. Vijidudu vinaweza kuwa vichache mno mwanzoni.

Ukipatikana na malaria isiyo kali, huenda ukapewa dawa ya AL, inayomezwa mara 6 kwa muda wa siku 3. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na umalize dozi hata ukipata nafuu siku ya pili. Anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, mwenye degedege, macho ya manjano, mkojo mweusi au pumzi za shida asipewe vidonge nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Jikumbushe

Chukua kalenda uliyotundika ukutani. Tia alama wiki 4 kabla ya safari: hapo ni kwa daktari. Tia alama siku ya kuanza vidonge. Tia alama siku ya kurudi, kisha uhesabu wiki 4 mbele na uandike jina la kila aliyesafiri, wakiwemo watoto na msaidizi wa nyumbani. Homa ikimshika yeyote kati yao kabla ya siku hiyo, hakuna mjadala wala kungoja kesho: ni maabara. Alama hiyo ya mwisho ikipita wote wakiwa wazima, hapo ndipo useme mmerudi salama.