Somo: Runinga ya Mtandaoni Inapokosea Mahali Ulipo

Tuseme familia moja mjini Namtumbo imelipia mwezi mzima wa runinga ya mtandaoni ili itazame Ligi Kuu. Nyumba haina waya wa intaneti. Ina rauta yenye laini ya simu, iliyowekwa dirishani upande wa mnara. Mpira unapokaribia kuanza, kioo kinaandika kuwa maudhui hayo hayapatikani mahali walipo. Kifurushi kipo, malipo yamekamilika, na hakuna aliyevuka mpaka. Kosa liko wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kulirekebisha?

Kwa nini mahali huulizwa

Haki za kuonesha michezo na filamu aghalabu huuzwa kwa kila nchi. Mwenye haki nchini Tanzania anaweza asiwe na ruhusa ya kuonesha mchezo huohuo kwingine. Kwa hiyo programu ya runinga hutambua kwanza nchi aliyopo mtazamaji, kisha humfungulia. Huduma nyingine, kama Netflix, huangalia pia iwapo vifaa vinavyotumia akaunti moja ni vya kaya moja.

Mahali hutambuliwaje

Mara nyingi programu hutegemea anwani ya intaneti, yaani namba inayoyawezesha majibu kurudi kwa aliyeyaomba. Namba hiyo ni ya mtoa huduma, si ya nyumba yako. Katika intaneti ya laini ya simu, wateja wengi huweza kutumia anwani moja kwa pamoja, nayo hubadilika mara kwa mara. Aidha, mawasiliano yako huweza kupitia lango la mtoa huduma lililo mbali, kama vile Dar es Salaam, kabla ya kuingia katika mtandao wa dunia. Hivyo runinga iliyopo Namtumbo yaweza kuonekana iko Dar es Salaam. Kwa haki za nchi, hilo halina madhara. Kwa utaratibu wa kaya, laweza kuleta usumbufu.

Tatizo kubwa huja nchi inaposomeka vibaya. Anwani za mfumo wa zamani, ambazo barani Afrika hugawiwa na AFRINIC, zimekuwa adimu, na nyingine huhama kutoka kampuni moja hadi nyingine, hata kutoka nchi hadi nchi. Wanaotunza kumbukumbu za mahali wakichelewa kuzisahihisha, anwani inayotumika Tanzania huendelea kusomeka kuwa ya ugenini. Hapo kununua rauta mpya hakuwezi kuwa tiba.

Jipime kabla ya kulalamika

1. Hakikisha hakuna VPN iliyowashwa katika runinga, simu au rauta.
2. Zima rauta kwa dakika chache, kisha iwashe. Huenda ikapewa anwani nyingine.
3. Unganisha runinga na intaneti ya simu yenye laini ya mtoa huduma mwingine. Ikifunguka, yaelekea tatizo liko katika anwani ya rauta. Isipofunguka, kagua nchi iliyosajiliwa katika akaunti yako na uwasiliane na kampuni ya runinga.
4. Piga picha ya ujumbe uliotokea, ukiandika tarehe na saa. Tunza risiti za malipo.

Tahadhari

Usishawishike kutumia VPN ili kudanganya mahali ulipo. Waweza kukiuka masharti ya huduma na akaunti ikafungwa. Kumbuka pia kuwa Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa zao kwa Mamlaka. Vilevile, usimpe nywila yako wala namba ya siri ya malipo mtu anayejiita fundi na kuahidi "kufungua" runinga.

Haki yako

Peleka malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako wa intaneti. Usiseme tu kwamba "intaneti haifanyi kazi", maana utaambiwa mtandao upo. Sema: "Anwani ya rauta yangu inasomeka kuwa iko nje ya Tanzania, naomba kumbukumbu zake zisahihishwe." Kazi hiyo yeye ndiye mwenye uwezo wa kuifuatilia, kwa kuwa anwani ni yake. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Iarifu pia kampuni ya runinga, na uulize masharti ya kurejeshewa fedha za siku ulizokosa huduma.

Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma wako wa intaneti, wasilisha lalamiko TCRA pamoja na vielelezo vyako. Wapo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo huwatetea watumiaji.

Kumbuka: mtumiaji anayeishi Namtumbo analipa kama wa mjini mkubwa, na anastahili huduma aliyoilipia.